Msingoje Maji Yapwe

Kila mwaka, mwezi wa Januari, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, jambo moja hutokea katika Wilaya ya Kibiti kama litokeavyo kote nchini. Wako wanaoshangilia, na wako wanaolia. Lakini lipo na kundi la tatu ambalo halitajwi sana, nalo ni la wale waliofaulu masomo yasiyoweza kuwafikisha kule walikokuwa wakisema kwamba wanakwenda. Binti aliyetaka uuguzi aona kwamba hana kemia. Kijana aliyetaka uhandisi aona kwamba fizikia aliiacha miaka miwili iliyopita, tena kwa hiari yake mwenyewe. Watoto hawa hawakushindwa mtihani. Walishindwa kuchagua, na walishindwa siku ambayo hata hawakujua kwamba wanachagua.

Leo twapenda kusema na kundi hilo, na zaidi twapenda kusema na wadogo zao ambao bado wamo katika kidato cha kwanza na cha pili, kwa kuwa hao ndio ambao maneno haya yaweza kuwafaa kabla ya kuchelewa.

Watu wa delta ya Rufiji hawana haja ya kufundishwa na gazeti namna chombo kinavyoingia mtoni. Mto ule haumwagi maji yake baharini kwa mlango mmoja. Upo Simba Uranga, upo Kikunya, upo Msala, na mingine mingi. Nahodha atokaye baharini huchagua mlango wake angali mbali, wakati maji yanajaa. Akizubaa mpaka maji yapwe hukwama juu ya matope, na hapo, hata awe hodari namna gani, kazi yake ni kungoja. Masomo nayo yana milango yake, na yana kupwa na kujaa kwake. Tofauti ni kwamba mtoto wa nahodha huonyeshwa mlango wa mto na baba yake, bali mlango wa masomo mara nyingi hapana wa kumwonyesha.

Kosa la kwanza tunaloliona kwa wanafunzi ni kuchagua jina la kazi badala ya kuchagua kazi yenyewe. Mwulize mwanafunzi anataka kuwa nani, atakujibu: daktari, mwanasheria, mhandisi, rubani. Hayo ni majibu mema na hatuna nia ya kuyacheka. Lakini mwulize swali la pili: daktari hufanya nini tangu asubuhi mpaka jioni? Mhandisi hushinda wapi, na hushika nini mkononi? Hapo hunyamaza. Amependa koti jeupe, hajaiona zamu ya usiku. Amependa jina la uhandisi, hajui kwamba jina hilo limesimama juu ya hisabati na fizikia, masomo ambayo yeye huyakimbia kila siku. Heshima ya kazi huonekana na wapita njia. Uzito wake humjua aibebaye. Mwanafunzi aliyekwenda kushinda siku moja tu katika zahanati, au katika karakana, au pamoja na bwana misitu ndani ya mikoko, amejifunza mambo ya kazi yake kuliko yule aliyeyaota kwa miaka minne.

Kosa la pili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, nalo ni kufunga mlango pasipo kujua kwamba ni mlango. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi katika sekondari zetu, mwanafunzi aliyemaliza kidato cha pili aliruhusiwa kuacha fizikia na kemia, akaendelea na masomo ya sanaa. Wengi waliyaacha. Wengine waliyaacha kwa sababu mwalimu wa somo hakuwapo, wengine kwa sababu ya alama mbaya za mtihani mmoja, na wengine kwa sababu tu rafiki anayekaa naye dawati moja ameyaacha. Wakati huo mtoto ana umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Hapana aliyemwambia kwamba vyuo vya uuguzi na vya uganga vitamwuliza habari za kemia, biolojia na fizikia. Hapana aliyemwambia kwamba uamuzi wa dakika tano darasani waweza kumgharimu miaka mitano ya maisha yake.

Na aingiapo kidato cha tano kosa hilo laweza kurudi kwa sura nyingine. Masomo ya kidato cha tano hufungwa katika mafungu yaitwayo tahasusi. Yuko mwanafunzi atakaye udaktari wa binadamu, naye achukua kemia, biolojia na jiografia, akidhani kwamba jiografia ni nafuu kuliko fizikia na kwamba mwisho wa yote ni mamoja. Si mamoja. Shahada ya udaktari yataka fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Mwanafunzi huyo anaweza kufaulu vizuri sana kidato cha sita, akapata kazi njema nyingine, lakini ule mlango alioutaka ameupita kando.

Tangu mwaka 2024 jambo hili limezidi uzito. Katika mwaka huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Katika mwaka huohuo mtaala mpya ulianza, nao umeweka mikondo miwili katika sekondari, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambapo katika shule zilizo tayari mtoto huanza kujifunza ufundi tangu kidato cha kwanza. Sisi twayapokea mabadiliko hayo kwa furaha, maana milango imezidi kuwa mingi. Lakini penye milango mingi kupotea nako ni kwepesi. Mtoto ambaye jana alihitaji kuonyeshwa njia katika umri wa miaka kumi na sita, leo yahitaji aonyeshwe akiwa na miaka kumi na minne.

Kosa la tatu ni kufuata ushauri ambao wakati wake umepita. Hapa twasema kwa adabu, kwa kuwa ushauri huo mara nyingi hutoka kwa wazee wetu wenyewe. Mzee amwambiaye mwanawe, "Soma tu, serikali itakupa kazi," hasemi uongo, asema aliyoyaona. Mwezi Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa, kilianza katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na wanne. Uhuru ulipopatikana mwezi Desemba, nchi ilikuwa na viti vingi na wasomi wachache wa kuvikalia. Zama hizo msomi hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta.

Zama hizo zimekwisha. Vyuo vikuu leo ni vingi, wahitimu hutoka kila mwaka kwa maelfu, na nafasi moja serikalini hugombewa na watu wengi. Wazee wa Rufiji wajua vizuri kwamba mto wao hubadili mkondo. Njia ya maji aliyopita babu na mtumbwi wake, leo pengine ni konde la mpunga. Mjukuu akikazana kuipita njia ile kwa sababu babu aliipita, atasukuma upondo katika nchi kavu. Wala si kwamba hatukuonywa. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza hatari ya shule inayomfanya mtoto aone kwamba maana ya kusoma darasa hili ni kupanda darasa lijalo tu, na kwamba aliyebaki kijijini ameanguka. Miaka mingi imepita tangu hapo, na dhana hiyo ingali hai katika nyumba zetu.

Kosa la nne ni kudharau vyuo vya kati na njia ndefu. Mwanafunzi asipopata nafasi ya kidato cha tano huona kwamba mambo yamekwisha, na jirani zake humsaidia kuona hivyo. Ukweli ni kwamba katika nchi hii ipo ngazi nyingine, nayo ni ya astashahada, kisha stashahada, kisha shahada. Aliyemaliza stashahada kwa wastani mzuri wa alama, yaani tatu na kuendelea, huweza kuomba kuingia chuo kikuu kama yule aliyepitia kidato cha sita. Huyu hufika akiwa ameshaijua kazi kwa mikono yake. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya serikali ilianza kutolewa pia kwa baadhi ya masomo ya stashahada, jambo ambalo wanafunzi wengi vijijini hawajalisikia.

Tena vyuo hivyo haviko mbali kama wengi wanavyofikiri. Mbegani, katika mkoa huuhuu wa Pwani, kiko chuo cha uvuvi. Dar es Salaam kiko Chuo cha Bahari. Ikwiriri, kabla hujavuka Daraja la Mkapa, kiko chuo cha maendeleo ya wananchi. Mchukwi, ndani ya Wilaya ya Kibiti yenyewe, kuna hospitali ya misheni ambako wauguzi hufundishwa. Hata aliyeanguka kidato cha nne hajafungiwa nje, kwa maana aweza kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulipata lile somo moja alilolikosa. Kurudi nyuma hatua moja ili upite mlango ulio sawa si aibu. Aibu ni kuketi barazani miaka kumi ukisimulia kwamba mlango ulifungwa.

Kosa la tano ni kwenda chuoni bila hesabu. Mwanafunzi hujua jina la chuo, hajui ada yake. Hajui kama chuo hicho kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au, ikiwa ni chuo kikuu, kama kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Wazazi huuza mikorosho, huuza na shamba la minazi, kisha cheti kiletwacho nyumbani hakitambuliwi na mwajiri yeyote. Swali la usajili huulizwa bure, na jibu lake hupatikana siku hiyohiyo. Lakini asiyeliuliza hulilipia kwa mali ya ukoo mzima. Vivyo hivyo mkopo wa elimu ya juu si zawadi. Ni deni, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka makato yake kuwa asilimia 15 ya mshahara. Hatusemi watu wasikope. Twasema akopaye ajue anakopa kwa ajili ya nini, na kazi gani italilipa deni hilo.

Kosa la sita ndilo linaloiuma Kibiti kuliko wilaya nyingine, nalo ni kudhani kwamba nyumbani hakuna kazi inayostahili msomi. Mwanafunzi wa delta hufundishwa, hata bila maneno, kwamba elimu ni chombo cha kumtoa matopeni. Basi husoma ili aondoke. Hebu na tuangalie matope hayo yana nini.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki, nao unakisiwa kuwa na hekta 50,000 hivi. Boriti za msitu huo zilisafirishwa kwa majahazi miaka na miaka hadi nchi za Uarabuni na kuezeka nyumba za huko. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni nani anayeihesabu mikoko hiyo, anayeipanda palipokatwa, anayepima maji ya chumvi yapandavyo katika makonde ya mpunga? Hiyo ni kazi ya wasomi wa misitu, wa udongo na wa bahari. Juu ya mto huohuo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, nalo lilianza kutoa umeme mwezi Februari 2024. Hiyo ni kazi ya mafundi na wahandisi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na nyumba. Kutabiri maji, kupima nchi, kupanga mahali salama pa kujenga, hizo nazo ni kazi, na hazifanywi kwa kubahatisha.

Wala hatujasema juu ya kamba na samaki wanaoharibika kwa kukosa barafu na mtu wa kuitunza mashine yake. Hatujasema juu ya injini za boti zinazokufa katikati ya mto, wala juu ya wasafiri wa Nyamisati wanaovuka kwenda Mafia, ambao maisha yao yamo mikononi mwa nahodha na fundi wake. Hatujasema juu ya ufuta na korosho zinazouzwa kwa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima asiye na karani mwaminifu ajuaye hesabu katika chama chake cha msingi hudhulumiwa mchana kweupe. Kazi zote hizi zipo. Zisipofanywa na watoto wa Kibiti zitafanywa na wengine, ambao ni ndugu zetu na twawakaribisha. Ila itakuwa huzuni kubwa mtoto wa Mbuchi au wa Salale awe mgeni katika kazi za mto wake mwenyewe.

Hatumkatazi mtu kwenda mjini wala ng'ambo. Nchi hii yahitaji marubani na mahakimu, na hapana sababu wasitoke Kibiti. Tunalolipinga ni kijana kuondoka kwa kuwa hajui alichokiacha, na kijana kubaki kwa kuwa amekwama.

Wapo watakaotujibu, na jibu lao ni la haki. Watauliza: mtoto wa kisiwani, anayefika shuleni kwa mtumbwi, ambaye mwalimu wa fizikia amemsikia kwa jina tu, mnamlaumu kwa kosa gani? Twakubali. Makosa haya twayaita ya wanafunzi kwa sababu wao ndio wanaoyalipia, lakini hawakuyafanya peke yao. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ikafutwa katika kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo kubwa, na wazazi wa delta wanalijua. Lakini kumfungulia mtoto lango la shule bila ya kumpa mwalimu wa sayansi na bila ya mtu wa kumweleza masomo yanaelekea wapi, ni kama kumpa mtu mtumbwi na kumnyima kasia. Serikali haina budi kuzitazama shule za visiwani kwa jicho la pekee katika kugawa walimu, na kuwapatia nyumba za kukaa ili wakae.

Lakini yako mambo ambayo hayangoji fedha kutoka Dodoma. Twapendekeza kwamba kila shule ya sekondari katika wilaya, kabla wanafunzi wa kidato cha pili hawajachagua masomo yao, itenge siku moja. Siku hiyo waitwe watu wafanyao kazi: muuguzi, bwana misitu, fundi umeme, nahodha, karani wa chama cha msingi, mwalimu, na mkulima aliyefanikiwa. Kila mmoja aeleze mambo matatu tu: anafanya nini kutwa nzima, alisoma masomo gani, na ni kitu gani angetaka kukijua alipokuwa na umri wao. Wazazi nao waitwe, wakae na kusikiliza pamoja na watoto wao. Mwalimu mmoja akabidhiwe daftari la sifa zinazotakiwa na vyuo, alisome upya kila mwaka, kwa kuwa sifa hizo hubadilika. Gharama ya siku hiyo ni chai na nauli ya boti.

Na kwenu, ndugu wanafunzi, neno letu ni fupi. Ulizeni. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msiache somo kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya, wala msichukue somo kwa sababu ya rafiki mmoja mwema. Kabla ya kulitaja jina la kazi, mtafuteni mtu aifanyaye. Kabla ya kulipa ada, uliza usajili. Kabla ya kuiita nyumbani kwenu matope, jiulizeni ni nani atakayekuja kufanya kazi humo ninyi mkiondoka.

Wale ambao maji yamekwisha kuwapwea wasikate tamaa, kwani maji ya bahari hurudi, na mtahiniwa wa kujitegemea naye ni mtahiniwa. Lakini ninyi mlio bado katika kidato cha kwanza na cha pili hamna sababu ya kungojea bamvua lijalo. Maji yenu yanajaa sasa. Shikeni usukani.